Sifa za Nywila Inayokufa Kila Siku 42

Imefika zamu ya nywila inayoisha muda kutungiwa sifa zake. Katika mitandao ya ofisi inayoendeshwa na Windows, msimamizi asipobadilisha chochote, umri wake ni siku 42. Ukitimia, kompyuta humzuia karani mlangoni, ripoti inasubiriwa saa mbili asubuhi, na kumdai nywila mpya yenye aina tatu kati ya herufi kubwa, herufi ndogo, tarakimu na alama. Na asithubutu kurudia ya zamani.

Fadhila zake ni tele. Hunyoosha miguu, kwa kuwa afisa TEHAMA huwa ghorofa ya juu. Hukuza undugu kwenye foleni ya waliofungiwa akaunti.

Lakini kubwa kuliko zote ni kufundisha hesabu. Mshabiki wa Msimbazi huanza Januari na Simba@01. Nywila ikifa, anajumlisha moja: Simba@02. Kabla ya Desemba kwisha amefika Simba@09, na mwakani ataingia kwenye makumi bila kulipa ada ya masomo ya ziada. Jirani yake mwenye Yanga@09 hajaachwa nyuma. Ni sare isiyolalamikiwa na yeyote.

Tatizo ni kwamba mwizi naye anajua kujumlisha. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha North Carolina walichunguza akaunti zaidi ya 7,700 na kuonyesha kuwa, kwa takriban asilimia 17 ya akaunti hizo, aliyeijua nywila ya zamani angeibahatisha mpya kwa majaribio yasiyozidi matano. Bill Burr, aliyeandika mwongozo wa nywila wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, mwaka 2003, alikiri mwaka 2017 kwamba anajutia mengi aliyoyaandika humo. Mwaka huohuo NIST ikaacha kupendekeza ubadilishaji wa mara kwa mara. Microsoft ikaufuta katika mapendekezo yake ya usalama wa Windows mwaka 2019.

Sasa huu ukaidi wa ofisi zinazoendelea nao ni wa nini? Ni wa fomu! Mkaguzi ana kisanduku kinachouliza kama nywila hubadilishwa, na kisanduku lazima kipate tiki. Kwamba makarani watatu wanatumia akaunti moja, kwamba uthibitishaji wa hatua mbili haujawahi kuwashwa, hayo fomu haiulizi.

Windows ina kisanduku kingine, cha kuruhusu nywila isiishe muda kamwe. Ofisi si moja ambako aliyewekewa tiki hiyo ni mkurugenzi aliyesaini sera. Nywila yake anaijua katibu muhtasi, ndiye humfungulia kompyuta.