Sifa za Ngazi Moja ya Sebuleni

Jembe limesifiwa, mnazi umesifiwa, hata tembo la mnazi limepata washairi wake. Ngazi moja ya sebuleni hakuna aliyeikumbuka. Naizungumzia ile ya sentimita 15 hivi, inayotenganisha meza ya chakula na makochi, iliyovikwa tailizi zilezile za rangi ya maziwa juu na chini, ikapigwa deki mpaka taa za jipsamu zinajiona ndani yake. Iko pale tangu nyumba ihamiwe, haidai mshahara, haiombi ruhusa, na wageni wenye vyeo vyao wanaipigia magoti bila kuombwa. Kuinyima sifa ni dhuluma, na mimi sitaki kuwa mmoja wa wadhulumu.

Asili yake ni ya heshima. Kiwanja cha Kimara kina mteremko, na mwenye kiwanja ana pesa ya tofali, hana ya kifusi. Ili jamvi liwe usawa mmoja nyumba nzima, upande wa bondeni msingi upandishwe kozi mbili tatu zaidi, kisha zimwagwe lori kadhaa za moramu na kushindiliwa. Fundi anautazama mteremko, anamtazama bosi, anajua la kusema: "Hapa mzee tunaishusha sebule kwa ngazi moja, inakuwa ya kisasa." Basi, ukata wa kifusi umeshapata jina zuri. Nyumba nyingine zimeipata ngazi hii kwa kuunga: chumba kiliongezwa mwaka wa neema, jamvi jipya likakutana na la zamani, hakuna aliyevuta kamba ya maji kulinganisha usawa. Na wapo walioijenga kwenye kiwanja tambarare kama uwanja wa mpira, kwa sababu moja tu, kwamba jirani anayo.

Ufikirie unyenyekevu wake. Ngazi za ghorofa zina makuu. Ziko nyingi, zina mshikio, mtu anaziona angali mlangoni na mwili wake unajipanga. Hii yetu haijitangazi. Akisimama mtu mezani akitazama sebuleni, ukingo wa juu unaungana na sakafu ya chini, mistari ya tailizi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na taa za darini, zilizopangwa kila upande kwa usawa, zinafuta kivuli chochote ambacho kingeweza kuisaliti. Jicho huijua pembe kwa tofauti ya mwanga na kivuli au tofauti ya rangi. Mwenye nyumba amelipia fedha nyingi kuhakikisha vyote viwili havipo.

Wataalamu nao imewashinda. Katika karne ya 17 Mfaransa François Blondel aliweka kanuni ya ngazi: kimo mara mbili, jumlisha upana wa pa kukanyagia, ipatikane inchi 24 za Kifaransa za wakati ule, maana hiyo ndiyo hatua ya mtu. Wajenzi wanaitumia mpaka leo kwa kuirekebisha kidogo. Kwenye ngazi za ghorofa miguu hukisoma kimo kwenye hatua ya kwanza na ya pili, halafu inakwenda yenyewe. Ngazi ya sebuleni imejitoa kwenye kanuni hii kwa hoja isiyo na jibu: haina ya pili. Miguu ikianza kujifunza, somo limekwisha. John Templer, mbunifu wa majengo aliyechapisha juzuu mbili kuhusu ngazi mwaka 1992, juzuu moja nzima aliitoa kwa hatari, maanguko na namna ya kuyapunguza. Kwa kifaa kisichosogea hata kidogo, si umaarufu mdogo.

Uangalie ufundi wenyewe kwa karibu. Mtu anapotembea kwenye sakafu, ncha ya mguu wake hupita juu ya sakafu kwa sentimita moja au mbili tu. Mwili ni bahili, hauinui zaidi ya unavyohitaji. Kwa hiyo anayepanda bila habari anaigonga ngazi kwa kidole gumba, kiwiliwili kinatangulia, mikono inatafuta pa kushika na inapata bakuli la kachumbari. Anayeshuka amewekewa kitu bora zaidi. Mguu unatua pale sakafu inapotarajiwa, na sakafu haipo. Goti limenyooka, uzito wote umeshahamia mbele, kisigino kinaikuta sakafu kimechelewa kwa sentimita 15, na mshtuko unapanda kiunoni, mgongoni, mpaka meno yanagongana. Waliosema kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele walipimia njia za shambani. Hapa mtu anakwenda mbele na anaanguka vilevile, yote kwa safari moja.

Ili kuiona ikiwa kazini, nenda siku ya posa. Mshenga ameingia na kanzu iliyonyooshwa na koti juu yake, maneno ameyapanga moyoni tangu juzi. Wenyeji wamesimama. "Karibuni, karibuni sana, piteni huku." Mshenga ana adabu, hatazami sakafu ya watu; anamtazama shangazi wa binti, anainamisha kichwa kumwamkia, anasogea. Sekunde inayofuata yuko kwenye zulia kwa mikono na magoti, kofia imemtangulia mpaka chini ya meza ya kahawa. Na hapo ndipo nyumba nzima, kuanzia bibi mpaka mtoto wa darasa la pili, inapotamka kwa sauti moja: "Angalia ngazi!"

Onyo hili lina mila yake. Halitolewi kabla. Likitangulia linachukuliwa kuwa ni kumdharau mgeni, kana kwamba hana macho. Likishatolewa, baba mwenye nyumba anamshika mgeni mkono na kumliwaza: "Pole sana ndugu yangu, hiyo ngazi hiyo! Haijamwacha mtu. Hata mchungaji iliwahi kumwangusha." Anayasema kwa fahari fulani, na mimi simlaumu. Wangapi wana nyumbani kwao kitu kisichojali cheo, kabila wala dini? Isitoshe, mtu aliyeinuliwa sakafuni muda huu hana sauti ya kubishania mahari.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Ngazi haina tabia hiyo. Isifu, itukane, ipite kimya kimya, huduma ni ileile. Wenyeji peke yao ndio inaowaachia, na hao pia kwa masharti. Dada wa jikoni anaishuka na sinia la glasi huku akigeuka kujibu swali, haangalii chini. Kijana wa nyumba anaipita gizani umeme ukikatika. Lakini mwache awahi simu akiwa na soksi kwenye tailizi iliyopigwa deki, atajua kwamba makubaliano yao yalikuwa ya mdomo tu.

Hapa mzaha unakuwa mgumu kidogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 yao ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Wengine huanguka kwenye majukwaa ya ujenzi, wengine juu ya miembe. Siidai hesabu yote kwa niaba ya mteja wangu. Ila kuna bibi aliyetoka Lushoto kuja mjini kwa mwanawe kutibiwa macho. Amepewa miwani yenye kioo cha kuonea mbali juu na cha kusomea chini. Akiinamisha macho kutafuta njia, anaitazama sakafu kupitia kioo cha kusomea, na kioo hicho kinaikoroga sakafu yote ikawa ukungu mmoja. Alfajiri anaamka kutia udhu. Nyonga ya mtu wa miaka 78 haihitaji ghorofa ili ivunjike. Sentimita 15 zinatosha.

Wazee wa Lamu hawakuifikisha sanaa hii mahali ilipofika. Katika nyumba zao za mawe, kutoka kiwandani, yaani uani, kuingia ukumbi uitwao msana wa tini, kisha msana wa yuu, mpaka ndani kabisa, sakafu hupanda kidogo kidogo, na majina yenyewe yanakuambia uko tini (chini) au uko yuu (juu). Mwanga ulitoka upande mmoja, kiwandani, ukaipiga ngazi usoni. Mgeni naye hakukaribishwa ovyo mpaka ndani. Wengi waliishia dakani, pale mlangoni, wakakaa barazani, wakarudi kwao wazima. Ngazi za namna hiyo zilikuwa na kazi ya kutenga faragha, kwa hiyo zilitaka kuonekana. Tumeendelea.

Sasa inanipasa niwataje maadui zake, ili kila mwenye mapenzi na ngazi yake awajue na kuwafungia mlango.

Adui mkubwa ni mstari. Duka la vifaa vya ujenzi linauza ukanda wa alumini wenye mpira wenye mikunjo, unaofungwa kwenye ukingo kwa skrubu na gundi. Ukiwekwa kwa urefu wote wa ngazi, bila kuacha hata pembe moja, na ukiwa mweusi au kahawia iliyoiva juu ya tailizi nyeupe, ngazi imevuliwa nguo mbele za watu. Waingereza wana ukatili wa kiwango: kwenye ngazi za majengo ya umma wanataka rangi tofauti yenye upana wa milimita 55 juu ya ukingo na 55 nyingine usoni mwake, ili anayepanda na anayeshuka wote waione. Msifanye hivyo nyumbani. Mkilazimishwa na watoto wenu waliosoma, chagueni ukanda wa krimu juu ya tailizi za krimu, utapendeza na hautaonekana. Jihadharini tu na mjanja mwenye simu: hupiga picha isiyo na rangi, na ukingo ukipotea kwenye picha, anajua mstari haufai. Au pakeni rangi ya ukutani moja kwa moja juu ya tailizi. Haitamaliza mwezi kabla ya kubanduka.

Taa ni adui wa pili, hasa ile ya ukanda inayofichwa chini ya ukingo na kumwaga mwanga kwenye sakafu ya chini. Mbaya zaidi ni ya kuchaji yenye kihisi, inayowaka yenyewe mtu akikaribia, hata umeme ukiwa umekatika. Ikifungwa hiyo, alfajiri ya bibi imekwisha kuharibiwa. Swichi nayo iacheni kulekule upande wa mbali, ambako mtu lazima avuke ngazi kwanza ndipo apate mwanga wa kuvukia. Msiweke swichi mbili za taa moja, huku na huku. Mshikio wa bomba ukutani ni aibu, watu watadhani nyumba ni zahanati.

Marafiki wa ngazi nao wapo, na wanastahili kutunzwa: kijizulia kilicholala nusu juu na nusu kikining'inia, zulia la maua mengi linalofunika juu na chini, viatu vya watoto vilivyovuliwa ukingoni, na sabuni ya deki isiyosuuzwa.

Limebaki tishio moja la kuifuta kabisa. Mtu aweza kujenga mteremko badala ya ngazi, na kwa mwenye kiti cha magurudumu hakuna njia nyingine. Kipimo kinachokubalika sehemu nyingi ni sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita moja ya kimo. Kwa ngazi ya sentimita 15 huo ni mteremko wa sentimita 180, ukitokea kwenye meza ya chakula na kuingia sebuleni. Nimezipima sebule kadhaa kwa macho. Katika kila moja, sentimita hizo 180 zimekaliwa na kochi la watu watatu, lile kubwa la seti, lililonunuliwa kwa mkopo wa ushirika na ambalo bado lina nailoni yake. Ngazi iko salama.