Boksi Lisiloingiza Maji

Ukiwa na gari dogo Musoma, na gari hilo likawa na keria, basi huna gari. Una lori ambalo bado halijakubali ukweli. Ndugu walioko Bunda wanalijua hilo. Wakwe walioko Butiama wanalijua zaidi. Kinachobaki kujadiliwa ni kama mzigo wao utafika mkavu au umelowa.

Kwetu Mara hilo si swali dogo, maana Ziwa Victoria lina mambo yake. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani, na radi huwapigia wavuvi huko huko majini. Mchana upepo hugeuka, ukaja na unyevu wake, ukakutana na upepo wa mashariki, na kwenye saa tisa au kumi alasiri wingu linafumuka. Ndiyo saa ileile ambayo familia yangu huondoka nyumbani, baada ya kukubaliana jana yake kwamba tutaondoka saa mbili asubuhi.

Miaka yote tulitumia turubai. Turubai ni kitu cha heshima likiwa limetulia. Gari likishachanganya mwendo, upepo unaingia chini yake kwa mbele na linaanza kupiga. Kutoka Bweri hadi Kiabakari unaendesha huku unapigiwa makofi kama mgeni rasmi. Halafu mvua yenyewe, gari likiwa mbioni, haidondoki kutoka juu kwa adabu. Inakuja kwa mbele, imelala, inatafuta upenyo, na turubai lote ni upenyo. Godoro la shangazi liliondoka Musoma limebebwa na kijana mmoja kichwani. Bunda lilishushwa na wanaume wanne, na bado mmoja akalalamikia kiuno.

Hapo mke wangu akatamka kwamba tunahitaji boksi, na shemeji, mdogo wake, ambaye hana gari lakini ana bando la intaneti, akajiteua kuwa mshauri.

Alianza na mabegi laini ya keria, yale yenye zipu. Akanisomea viwango vya kimataifa vya IP, na lazima nikiri kijana alikuwa amesoma. Tarakimu ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ni ya maji. Tano kwenye nafasi ya pili maana yake kitu kinastahimili maji ya kurushwa kwa bomba. Saba maana yake unaweza kukizamisha kina cha meta 1 kwa dakika 30. Shemeji akang'ang'ania saba. Nikamwambia, shemeji, mpaka boksi la juu ya gari lizame meta nzima, sisi tuliomo ndani tutakuwa tumeshaacha kujali habari za nguo za harusi. Sisi tuangalie tarakimu ile ya kwanza. Ukiacha lami wakati wa kiangazi, vumbi la huku linapita mahali ambapo maji yenyewe yangeomba ruhusa. Na zipu ndiyo mlango wake. Kwa upande wa Bunda barabara inapita karibu na Serengeti, na nyani wa huko mfuko wa plastiki hauwasumbui hata kidogo. Sioni kwa nini zipu iwashinde.

Yapo pia yale maboksi magumu ya plastiki, yaliyochongoka mbele, yanayofunguka kushoto na kulia. Wasweden wa Thule wako kwenye biashara tangu mwaka 1942, na ukiyaona maboksi ya namna hiyo unaelewa kwamba muda wote huo hawakuwa wamekaa bure. Nilipotajiwa bei ya moja, mtumba, niliuliza kama gari limo.

Kuhusu uzito tulipita haraka. Magari madogo mengi paa lake limeruhusiwa kubeba kitu kama kilo 50 hadi 100, na humo unahesabu keria na boksi lenyewe. Gunia moja la mahindi limeshamaliza hesabu hiyo. Lakini kitabu cha gari letu kimeandikwa Kijapani, kwa hiyo hakijawahi kutukataza jambo lolote.

Tukaishia Nyasho, kwa fundi bati anayetengeneza tranka za wanafunzi. Alipima keria kwa kipande cha kamba, akakunja kamba, akaiweka mfukoni, akasema njoo Ijumaa. Nilidhani ananifukuza. Kumbe alikuwa fundi kweli. Kifuniko alikipa ukingo unaoshuka chini ya mdomo wa boksi ili maji yateleze nje. Kwenye mdomo akalaza mpira wa tyubu ya baiskeli, kwenye maungio akapaka silikoni. Bawaba akaziweka upande wa mbele wa gari, ili upepo wa safari ukandamize kifuniko badala ya kukifungua. Jambo hilo peke yake lilinifanya nimheshimu kuliko shemeji na bando lake. Kisha akalimwagia ndoo baada ya ndoo mbele ya majirani. Ndani, vumbi tupu.

"Mura," akaniambia, "hili hata ukilitupa pale Mwigobero litaelea."

Nilichokuwa sijakifikiria ni kwamba turubai, pamoja na ubaya wake wote, lilikuwa linanilinda. Lile godoro lilikuwa limesimuliwa kwenye ukoo mzima, na watu wenye mizigo ya maana walikuwa wameanza kupanda basi. Habari ya boksi lisiloingiza maji ilifika Bunda kabla yetu. Shangazi akapiga simu kuuliza urefu wake. Baba mdogo hakuuliza chochote, alituma tu vipimo vya meza.

Safari ya kwanza ilikuwa ya sherehe huko Butiama, kwa wakwe. Shemeji akapakia kiroba cha sato wabichi na barafu, alfajiri, Mwigobero. Tukashuka Bunda kuchukua vitenge vya sare kwa fundi cherehani, vimepigwa pasi, vimekunjwa, harufu ya duka bado ipo. Vikalala juu ya kiroba. Tukageuza hadi Makutano, tukakata kwenda Butiama. Siku hiyo mbingu ilikuwa kavu kabisa. Jua likawaka juu ya bati, na tone la mvua hatukuliona njia nzima.

Boksi lilifunguliwa uani, kati ya yale mawe makubwa ya Butiama, mbele ya wakwe waliokuja kupokea sare. Fundi alisema kweli: maji ya nje hayakuingia. Na yale ya ndani, kwa kazi hiyohiyo nzuri, hayakutoka. Barafu yote ilikuwa imeyeyuka ikabaki humo, vitenge vinaelea, na sato mmoja amejifunika kilemba cha mama mkubwa.

Nikamwamkia mama mkwe. Akaitikia marahaba, akachungulia, akanyamaza kidogo.

"Mkwe wangu," akasema, "nilikuagiza samaki. Ziwa ungeliacha."

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoka hapahapa Butiama kwa miguu hadi Mwanza, kuunga mkono Azimio la Arusha. Wamesema mengi kuhusu matembezi yale. Mimi jioni ile, nikiwa nakamua vitenge, niliona faida moja ambayo sijaisikia ikitajwa: mtembea kwa miguu hakuna anayempa meza ya baba mdogo.

Fundi hakutetereka. Akatoboa tundu kwenye kona ya chini, mbele, kwa sababu keria yetu imeinamia mbele, akalitia kizibo cha mpira. Kizibo kinakaa vizuri isipokuwa barabarani.

Juzijuzi trafiki akatusimamisha tukiwa tumebeba dagaa ambao mwenye nao aliapa kwamba wamekauka. Afande akainama kusoma stika kwenye kioo, na tone likamdondokea kwenye mkono wa shati jeupe. Akalitazama, akanusa.

"Dagaa?"

"Dagaa, afande."

Nikaanza kutafuta leseni. Yeye akarudi nyuma hatua moja, akalitazama boksi toka mbele hadi nyuma, akaligonga kwa kidole.

"Hili mvua haliingizi?"

"Haliingizi," nikasema, kwa fahari ambayo ningeimeza kama ningejua.

"Mnapita Bunda? Nina kigunia cha udaga cha mama."

Mke wangu akawahi: "Limejaa, afande."

Afande akakanyaga tairi, akainua kifuniko, akaingiza kichwa.

"Mbona hapa pembeni pana nafasi," sauti yake ikatoka ndani, "mkimsogeza huyu kuku."

Kuku hatukuwa na habari naye.