Papa Ameanguka Baharini Tena

Kutoka Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, hadi Mombasa ni zaidi ya kilomita 1,500 za lami, na madereva wa malori wanaopanga foleni hapa wakisubiri kuvuka kwenda Kasindi wanaweza kukutajia kila mzani wa njiani. Maji makubwa tuliyo nayo jirani ni Ziwa Edward, nalo liko zaidi ya mita 900 juu ya usawa wa bahari. Kwa hiyo mtu wa huku anapotangaza kwamba kila jioni anajifunza kutua na ndege ya kivita juu ya meli, majirani wana haki ya kuuliza kama amekula.

Nilikuwa nimekula. Kilichoniponza ni kompyuta kuukuu niliyouziwa na jamaa mmoja pamoja na usukani wake wa mezani na programu ya kuigiza urubani. Ningeweza kutulia zangu Entebbe, ambako barabara ya ndege ina mita 3,658 na unaweza kutua huku unakunywa chai. Ubishi ukanipeleka kwenye meli za Wamarekani za aina ya Nimitz. Sitaha yote ina mita 333 hivi, na sehemu ya kutulia ni fupi kuliko hapo. Ndege inakuja kwa kasi ya karibu kilomita 250 kwa saa na inatakiwa kusimama ndani ya mita 100 hivi. Breki haina kazi hapo. Chini ya mkia kuna kulabu, na kulabu hiyo lazima inase waya mmoja kati ya nyaya nne zilizokingama sitahani. Ukinasa wa tatu, umetua kama inavyotakiwa.

Kisha kuna sharti ambalo mimi naliona ni uchokozi mtupu. Magurudumu yakigusa sitaha, rubani anafungulia injini hadi mwisho, kwa sababu kulabu ikikosa nyaya zote ni lazima awe na nguvu za kuruka tena kabla meli haijaisha. Mweleze hayo mtu aliyezoea miteremko ya Rwenzori kwa bodaboda, ambaye vidole vyake vinatafuta breki hata usingizini! Niligusa sitaha, nikapunguza injini kwa adabu zote, kulabu ikapita juu ya nyaya zote nne, na ndege ya mamilioni ya dola ikateremka baharini kwa mwendo wa mzee anayetoka kanisani.

Nikirekebisha hilo, mkono unainua pua ya ndege dakika ya mwisho ili igonge kwa upole, kama inavyofanyika kwenye viwanja vya nchi kavu. Melini upole huo ndio unaokukosesha nyaya. Unatakiwa uipige sitaha vilevile ulivyokuwa ukishuka. Na hiyo sitaha yenyewe haikusubiri. Meli inakwenda mbele, ilhali njia ya kutulia imepindishwa nyuzi kama tisa kushoto, kwa hiyo uwanja unakukimbia na kukuponyoka kuelekea kulia kwa wakati mmoja. Wazo la kuipindisha lilitolewa mwaka 1951 na Mwingereza Dennis Cambell, ili anayekosa nyaya asiende kuzivamia ndege zilizoegeshwa mbele. Nia yake ilikuwa njema, sikatai.

Basi jioni moja shangazi yangu wa Kasindi akapiga simu. Akapokea mwanangu mdogo, akaulizwa baba yuko wapi, naye akajibu kwa ukweli wote: "Papa ameanguka baharini tena." Salio la shangazi likaishia hapo. Mimi nilikuwa bado naelea.

Asubuhi mpaka ulipofunguliwa tu, shangazi alivuka daraja la Lhubiriha na wamama watatu wa kanisa, sufuria kubwa na kuku wawili wa matanga. Alinikuta napiga mswaki.

"Uko muzima?"

"Niko mzima, shangazi."

"Na ile bahari iko wapi?"

Baadaye aliniambia kwamba kilichomnyima usingizi hasa ni lile neno "tena".

Nikaona njia pekee ya kujiokoa ni kuwasha kompyuta. Nikamwonyesha taa zilizo kando ya sitaha: mstari wa kijani, na mpira wa njano katikati. Mpira ukipanda juu ya mstari, uko juu mno. Ukishuka chini yake, uko chini. Ukiwa mwekundu, omba Mungu. Nikamweleza kwamba kwenye meli za kweli, karibu na tezi husimama afisa ambaye naye ni rubani. Humwangalia kila anayekuja, anaweza kumfukuza kwa taa nyekundu arudi hewani, na humpa kila mmoja alama zinazobandikwa ubaoni wenzake wote wazione. Shangazi alijitwalia cheo hicho papo hapo.

"Uko chini! Uko chini, mwanangu! Ondoka!"

Kinachokera ni kwamba hakukosea hata mara moja. Mimi nilikuwa nakodolea macho sitaha. Yeye alitazama taa tu, na ndivyo marubani wanavyofundishwa.

Akauliza kama meli hizi zimewahi kufika kwetu. Nikamwambia kuhusu HMS Centaur ya Waingereza iliyofika Dar es Salaam Januari 1964, baada ya askari wa Tanganyika kuasi na Nyerere kuomba msaada. Askari wa majini walibebwa kwa helikopta kutoka melini hadi kambi ya Colito, ambayo sasa ni Lugalo.

"Hizo helikopta zinahitaji kulabu?"

"Hapana, shangazi. Zinashuka wima."

"Sasa wewe ni nani alikukataza helikopta?"

Wamama wa kanisa walicheka hadi sufuria ikadondoka. Nilijitetea kwa Eric Brown, rubani wa Uingereza aliyekuwa wa kwanza kutua melini na ndege ya jeti, tarehe 3 Desemba 1945, na aliyetua juu ya meli mara 2,407 maishani mwake. Alifariki mwaka 2016 akiwa na miaka 97. Shangazi alitafakari, akaamua kwamba huyo lazima alikuwa na shangazi.

Kuku walichinjwa hata hivyo. Nawe msomaji, kama una kompyuta na jioni zisizo na kazi, jaribu. Ila kwanza wafundishe watoto namna ya kupokea simu.