Heko kwa Mnyoo wa Maini

Kitulo ina maua, Mbozi ina kahawa, na kila kimoja kina waimbaji wake. Mnyoo wa maini hajapata hata ubeti, ingawa hakuna mpima ardhi aliyezisoma Nyanda za Juu Kusini kwa makini kama yeye. Wako wa aina mbili, wote minyoo bapa wa jenasi ya Fasciola. Fasciola hepatica alipewa jina na Linnaeus mwaka 1758. Mwenzake mrefu zaidi, Fasciola gigantica, alielezwa na Mwingereza Cobbold mwaka 1855 kutokana na minyoo waliotoka kwenye ini la twiga. Kwa hiyo sisi tuliomfanya twiga mnyama wa taifa hatuna haki ya kumwita mpangaji wake mgeni. Katika nyanda hizi wamegawana nchi kwa mwinuko. Hepatica amekutwa Kitulo, juu ya meta 2,500, kwa sababu konokono mdogo anayemlea huvumilia baridi. Gigantica amebaki chini, kwenye maji yenye joto kidogo na konokono wa aina nyingine. Serikali ilimega Njombe kutoka Iringa mwaka 2012, ikamega Songwe kutoka Mbeya mwaka 2016. Mnyoo hakuhitaji tangazo lolote; mpaka wake unalindwa na baridi.

Umbo lake nalo ni somo la kubana matumizi. Ni bapa kama jani, ngozi ina vijimiba, na ana vinyonyeo viwili, kimoja mdomoni na kingine tumboni. Utumbo umejaa matawi lakini hauna mlango wa kutokea: mabaki hurudi mdomoni yalikoingilia. Dume na jike wamo katika mwili mmoja, na mayai hutoka kwa maelfu kila siku. Lava anayeanguliwa majini ana vidoa viwili vya macho na takriban siku moja tu ya kumpata konokono. Akimpata, huzaana humo hadi mmoja awe mamia. Hao hutoka, hukata mikia, hujifunga kwenye majani ya kando ya maji na kungoja. Yule anayeishi ndani ya ini, kwenye giza na chakula tele, macho hana. Ya nini?

Watasema ni mharibifu: machinjioni mkaguzi wa nyama hutupa maini yaliyokakamaa, na mfugaji hupoteza maziwa na uzito wa ng'ombe. Ni kweli, nami simtetei kwa hilo. Lakini hakuna mnyoo aliyewahi kupanda malisho makavu kumfuata ng'ombe. Kiangazi nyasi mbichi hubaki mabondeni, kwenye vinyungu na mifereji tuliyoichimba wenyewe, na huko ndiko tunakopeleka mifugo. Mwingine atajibu kuwa dawa ipo, triclabendazole kwa mfano. Ipo, ila ng'ombe aliyenyweshwa dawa asubuhi akarudishwa jioni kwenye tindiga lilelile ameandaliwa upya, safari hii akiwa na ini safi zaidi. Anayetaka kumnyima mnyoo riziki azungushie chemchemi uzio, avute maji hadi kwenye hori lililo pakavu. Gharama yake ni mbao, bomba na misumari, na hapo hata mimi wakili wake sina la kujibu.