Kopi Yangu Iko Wapi?

Ukitangaza msiba, watu watauliza mazishi ni lini. Ukitangaza harusi, watauliza sare ni rangi gani. Sasa tangaza kwamba umetoa kitabu, uone. Kuanzia Mbagala hadi Mwenge swali ni moja tu: "Kopi yangu iko wapi?" Bei haiulizwi. Mtu ambaye hajawahi hata siku moja kumwomba muuza chapati chapati ya bure kwa kuwa wanafahamiana, atakukazia macho na kudai riwaya nzima, tena yenye sahihi.

Riwaya yenyewe inaitwa Deni la Marehemu. Ni hadithi ya upelelezi kuhusu mtu aliyefariki huku akidaiwa na nusu ya mtaa. Nimeichapisha mwenyewe, kwa akiba yangu na mkopo wa kikoba cha mke wangu, kwa hiyo sasa wanachama wa kikoba ndio wanaofuatilia mauzo kwa karibu kuliko mimi. Wachapishaji niliowapelekea mswada walinijibu kwa adabu kwamba wao wanaishi kwa vitabu vya shule, na kama ningeweza kuongeza maswali mwisho wa kila sura, tungezungumza.

Najifariji kwamba wapo waliotangulia. Marehemu Ben Mtobwa, yule wa riwaya za mpelelezi Joram Kiango, alianzisha kampuni yake ya Heko na kutoa vitabu vyake humo. Lakini Mtobwa alikuwa na nafuu moja ambayo mimi sina. Alipokuwa anavuma miaka ya 1980, Tanzania Bara haikuwa na televisheni, ilikuja 1994. Mimi nagombea macho ya msomaji na simu yenye bando la usiku kucha.

Uhariri niliupeleka kwa jirani yangu, mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mzee mwema aliyekataa malipo. Aliurudisha mswada umejaa kalamu nyekundu, na mwishoni akauwekea alama: 61 kwa 100. Chini yake aliandika, "Umejitahidi. Mwandiko unasomeka." Mswada ulikuwa umepigwa chapa. Nilipomuuliza zile 39 zimepotelea wapi, alisema kumi ni za mhusika kuvuta sigara mbele ya mama mkwe wake, na nyingine angenieleza tukiwa na nafasi.

Mzee wa watu nilimwelewa. Aliyenishinda ni binamu yangu Juma. Sijui nani alimpenyezea kwamba jambazi wa kitabuni anaitwa Juma, lakini tulipokutana kwenye hitma alinivuta pembeni.

"Kaka, mimi nimekukosea nini?"

Nilimweleza kwamba nchi hii ina Juma wengi. Akakubali, ila wangapi wana pengo la jino la mbele na pikipiki nyekundu? Shangazi akaitwa, akasikiliza pande zote mbili, akaamua jambazi abadilishwe jina na pikipiki iuzwe. Tukakubaliana aitwe Musa, kwa kuwa kwenye ukoo wetu Musa hayupo.

Kazi hiyo nilimwachia kijana wa steshenari aliyekuwa ananipangia kurasa. Kijana ana haraka, wateja wa vyeti vya kuzaliwa wamejaa mlangoni. Akaiamuru kompyuta itafute "Juma" popote alipo na kumweka "Musa". Kompyuta ikatii. Siku ya pili napitia kazi, nakuta mpelelezi ameamka Musapili asubuhi, hana raha, kwa sababu tangu Musatano hajalala. Waumini wanatoka msikitini baada ya sala ya IMusaa. Na pale sura ya saba, meneja wa benki anasimama mbele ya wafanyakazi na kusema kwa uchungu, "Hii ni huMusa!" Kijana alipoona, wala hakushtuka. Aliniuliza kama hiyo si lugha ya kifasihi.

Tulirekebisha neno moja moja hadi umeme ukakatika, na ulipokatika tukaendelea kwa tochi ya simu kwenye karatasi.

Huko Kariakoo nilikopeleka kitabu kuchapwa, kwenye chumba cha mashine, fundi naye alikuwa na yake. Alinipigia simu mchana: "Bosi, kitabu chako kimekataa."

Nikafika. Kumbe shida ni hesabu. Kitabu kina kurasa 163, na wao karatasi moja kubwa huichapa pande zote, wakaikunja na kukata, ikatoa kurasa 16. Kwa hiyo ama kurasa 160, ama 176. Katikati hapo ni karatasi tupu, na karatasi tupu nazo zinalipiwa.

"Si uongeze?" alisema fundi, huku akifuta mikono yenye wino. "Yule mpelelezi na yule dada wa benki umewaozesha ukawaacha hivi hivi. Wapeleke fungate Zanzibar. Kurasa 13 hazitoshi hata boti kufika."

Nilibaki kinywa wazi. Huyu ndiye alikuwa mtu wa kwanza kukisoma kitabu changu mpaka mwisho bila kalamu nyekundu mkononi, na alikisoma akisubiri wino ukauke.

Fungate ingeongeza gharama, nikachagua kupunguza. Fundi akafunua kurasa za mwanzo, akaonyesha kwa kidole: shukrani, kurasa tatu kamili. Nilimwomba aondoe kidole hicho haraka. Ndizo kurasa pekee ambazo ukoo mzima utazisoma, tena kwa kuhesabu nani ametajwa kabla ya nani. Basi ikabidi mganga wa sura ya kumi, aliyekuwa na hotuba ndefu kabla ya kukata roho, akate roho bila hotuba. Hadi leo wasomaji wananisifu kwa taharuki ya pale.

Jalada ni kisa kingine. Kwenye skrini lilikuwa bluu ya bahari. Likatoka zambarau iliyokolea, na sura ya marehemu ikamezwa na giza. Skrini huonyesha rangi kwa mwanga, mashine huchanganya wino, na bluu ndiyo huwa ya kwanza kuasi. Fundi alinipa maelezo haya baada ya kuchapa. Lakini siku ya uzinduzi mgeni rasmi alilichambua jalada lile kwa kirefu, akasema zambarau ni rangi ya majuto na mwandishi ameficha uso wa marehemu makusudi, kwa kuwa mdaiwa hana uso. Nilitikisa kichwa kukubali. Ndani hakufungua.

Siku hiyohiyo mzee mmoja, wa pekee aliyetoa simu kwa nia ya kulipa, aligeuza kitabu, akaona zile tarakimu 13 za ISBN juu ya ile mistari myeusi, akaziingiza zote kama lipa namba. Simu ikamkatalia. "Mwanangu," akaniambia kwa huruma, "kampuni yako haisomi." Kabla sijamwelekeza, sambusa zilikuwa zimepita na yeye amezifuata.

Nakala za Maktaba Kuu nilizipeleka mwenyewe pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, maana sheria nayo ina kopi zake. Nikiri, ndipo mahali pekee ambapo kutoa kitabu bure kulinifurahisha. Madukani niliacha kwa mali kauli. Duka moja lilikipanga Deni la Marehemu kwenye rafu ya uhasibu, na sikuwaambia wakitoe, kwa sababu huko kinatoka kuliko kwenye riwaya.

Wiki iliyopita shangazi, yuleyule hakimu wa pikipiki, alinitumia faili kwa WhatsApp. Juu yake imeandikwa kwamba limesambazwa mara nyingi. Halina jalada, halina jina la mwandishi, na ukurasa wa kwanza tu mpelelezi anaamka Musapili asubuhi. Limetoka kwenye kompyuta ya steshenari, lile la kabla ya marekebisho.

"Baba, kisome hiki," shangazi aliandika. "Huku kikundini tumecheka mpaka machozi. Hivi ndivyo wenzako wanavyoandika."

Nilimjibu ahsante, shangazi, nimeanza kukisoma. Akauliza nimefika wapi.

"IMusaa," nikamjibu.

"Endelea," akasema. "Mbele kuna huMusa."