Sufuria ya Pilau na Shahada ya Uzamili

Mzazi wa mhitimu wa akiolojia huulizwa swali lilelile kila harusi: "Sasa huyu atafanya kazi gani?" Sisi tulishazoea kulijibu kwa kukohoa. Ambalo hatukuandaliwa ni linalofuata: shahada ya uzamili achukue ya nini? Maana akiolojia ukishaivuka shahada ya kwanza inapasuka vipandevipande. Wapo wa mifupa ya wanyama, wa mifupa ya watu, wa mbegu zilizoungua, wa vigae, wa zana za mawe, wa meli zilizozama, na wapo wanaokaa ofisini kusimamia magofu. Jina la cheti ni jambo dogo. Kubwa ni kujua uchafu gani utaushika mkononi kwa miaka bila kuuchoka, na binti yetu aliamua kulipima hilo nyumbani kwa mama yake.

Meli zilianguka mapema. Alitusimulia kwa hamu kuhusu Santo António de Tanná, meli ya Wareno iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 na kuchimbwa chini ya maji kati ya 1977 na 1980. Mama yake akamsikiliza hadi mwisho, kisha akamkumbusha kwamba safari ya boti ya kwenda Zanzibar aliimaliza akiwa ameinamia mfuko wa plastiki. Mjadala ukafungwa.

Zikaja mbegu. Kazi yake ni rahisi kuieleza: unachukua udongo wa kwenye chimbo, unaumwaga majini, mbegu zilizoungua zinaelea kwa wepesi wake, unazikinga kwa kitambaa chenye matundu madogo. Kwa njia hiyo watafiti waligundua kuwa Pemba ya karne za mwanzo ililima uwele kwa wingi, baadaye mpunga ukachukua nafasi. Habari tamu, hasa kwa walaji wa wali. Tatizo ni kwamba binti aliamua kufanya mazoezi katika wiki ya mgao wa maji, kwa udongo wa tuta la mchicha, ndani ya pipa tulilokuwa tumelijaza usiku kwa foleni. Kitambaa alichokinga nacho kilikuwa chandarua cha bibi yake, aliyekuja kwetu kutoka Kilwa Kivinje kutibiwa macho. Alfajiri bibi akateka maji ya kutawadha, akatoka na kata ya tope.

"Mke mwenzangu," alimwita mjukuu wake kwa upole wa kutisha, "leo umeninyima udhu na umeniachia mbu. Kinachofuata ni nini?"

Kilichofuata ni mifupa.

Hapa lazima nimtetee kidogo, kwa sababu hoja yake ilikuwa na akili. Huwezi kusoma mifupa iliyotoka ardhini kama huna mifupa unayoijua ya kulinganisha nayo. Kila maabara ya fani hiyo ina makabati ya mifupa ya wanyama wa leo, kila mmoja na jina lake. Pwani yetu inataka zaidi samaki, kwa kuwa majaa ya miji ya kale ya Waswahili yamejaa mifupa ya samaki wa kwenye miamba: changu, chewa, pono. Pono anatambulika hata na mgeni, maana meno yake yameshikana yakawa kama mdomo wa kasuku. Wengine wanataka jicho lililofundishwa.

Basi akawa anarudi kutoka Feri na vichwa vya samaki. Mifupa haitakiwi kuchemka kwa fujo. Hutokoswa polepole, kwa saa nyingi, pamoja na sabuni ya unga kidogo, hadi nyama iachie. Polepole hiyo ilifanyika katika sufuria ya pilau, ile kubwa ambayo mke wangu haiazimishi hata kwa dada zake. Harufu iliingia kwenye mapazia, ikaingia kwenye sare za shule za wadogo zake. Mke wangu alipoigundua sufuria yake alinyamaza, akaleta jiki, akamwaga chupa nzima humohumo. Alikusudia kuisafisha sufuria. Jiki hula mfupa. Mpaka jioni chewa wawili walikuwa wamegeuka unga unga mikononi mwa mwanafunzi anayelia.

Mjomba wake alifika katikati ya kilio hicho na ushauri tayari. Yeye alikuwa upande wa usimamizi wa urithi tangu mwanzo, na sitamnyima haki yake: alijua anachosema. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingia katika Urithi wa Dunia mwaka 1981, mwaka 2004 yakawekwa katika orodha ya yaliyo hatarini, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya ukarabati na ulinzi. Kazi hiyo imefanywa na watu wenye meza, bajeti na vikao. "Shahada ya vikao," alisema mjomba, "ina mshahara. Shahada ya vichwa vya samaki ina nzi."

Bibi ndiye aliyemjibu. Alikuwa msichana wakati Neville Chittick anachimba Kilwa miaka ya 1960. Anakumbuka watu wakisifu sarafu, kuta za Husuni Kubwa na vipande vya vyombo vya China. "Tuliambiwa habari za masultani," alisema. "Waliokuwa wakivua na kupika hawakutajwa. Mwacheni mtoto awatafute."

Hata hivyo jikoni palishafungwa. Binti akahamia uani, akafukia kiroba cha mifupa ili wadudu wamalizie kazi. Ilikuwa mifupa ya yule mbuzi ambaye mjomba alimleta kumkaribisha bibi, akiwa ameshachinjwa na kukatwakatwa, bila kichwa. Mbwa wa jirani alikifukua kiroba usiku. Kulipokucha miguu minne ilikuwa imepangwa barazani kwa watu, na kufikia saa mbili tulikuwa tumeshatuhumiwa kwa uchawi, balozi wa nyumba kumi ameitwa, viti vimetolewa.

Binti alijitetea kwa kitaalamu. Akawaeleza wazee kwamba mifupa ya mbuzi na ya kondoo inafanana mno, kiasi kwamba Joachim Boessneck na wenzake, Wajerumani, walijaza kurasa zaidi ya 100 mwaka 1964 kwa kutofautisha wanyama hao wawili tu. Akaokota mfupa wa mguu, akautazama namna vinundu vya ncha ya chini vilivyokaa, akafungua michoro kwenye simu. Akanyamaza. Akaokota wa pili.

"Shikamoo mjomba," alisema. "Huyu ni kondoo."

Mjomba alicheka peke yake. Balozi, ambaye ujanani alichinja Vingunguti, akauomba ule mfupa, akaugeuza kwenye mwanga, akauliza kichwa kilikwenda wapi. Mjomba akasema kilibaki kwa mchinjaji kama ujira. Balozi akamtazama bibi, aliyekuwa amesifu nyama ile siku tatu mfululizo ingawa kondoo hali tangu azaliwe, na bibi akaanza kujikuna.

Shauri la uchawi halikurudi tena kikaoni. Jirani aliombwa radhi na kuambiwa afunge mbwa wake. Mjomba alikiri bei aliyolipa hasa, ambayo haikuwa ile aliyotutajia.

Maombi ambayo binti ametuma ni ya akiolojia ya wanyama. La hapa nchini ni la miaka miwili. La Uingereza ni la mwaka mmoja na ada ya kutoa machozi, kwa hiyo linasubiri ufadhili. Mada aliyoiandika ni samaki wa Kilwa, na barua ya kumpendekeza mhadhiri wake aliitoa bila kusitasita. Mjomba amelipa sufuria mpya ya pilau, na siku hizi akileta nyama inakuja na kichwa chake.