Pongezi kwa Walezi wa The Body Shop

Mwaka 1976, pale Brighton, Anita Roddick alipaka duka lake la vipodozi, The Body Shop, rangi ya kijani kuficha ukungu ukutani, na chupa zikimwishia anajaza zilizorudishwa na wateja. Ushamba mtupu! Bahati nzuri wakaja wataalamu. L'Oréal wa Ufaransa wakatoa pauni milioni 652 mwaka 2006 kuinunua kampuni hiyo, wakachoka, wakawaachia Natura wa Brazil. Natura nao wakaiuza kwa kampuni ya uwekezaji ya Aurelius, pauni milioni 207. Hata shati la mtumba halishuki bei kwa heshima namna hiyo. Aurelius, wachapakazi kweli, walihitaji wiki chache tu kuifikisha kwa wasimamizi wa ufilisi, Februari 2024. Mamia ya wafanyakazi Uingereza wakapewa nafasi ya kupumzika.

Na tuwe wakweli: kampuni ilijivunia kutojaribu vipodozi kwa wanyama, na katika zoezi zima, hakuna sungura hata mmoja aliyedhurika.